Muzee wa Mustari

Kwa miaka saba nilifanya kazi na mtu ambaye nilimwonea wivu kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Jina lake sitalitaja. Pale gatini Kalundu hakuna aliyelitumia. Wanawake waliouza dagaa, au ndagala kama tunavyowaita, manahodha na wapagazi, wote walimwita Muzee wa Mustari, nami nikamwita hivyo hivyo, ingawa kwenye karatasi za serikali yeye alikuwa mkaguzi msaidizi wa vyombo na mimi nilikuwa karani.

Mstari wenyewe ulikuwa wa rangi nyeupe, upana wa kiganja, umepakwa ubavuni mwa kila boti ya injini iliyobeba watu na mizigo kutoka Kalundu. Boti ikipakiwa hushuka majini. Mstari ukionekana wote, boti inaruhusiwa kuondoka. Maji yakianza kuumeza, mizigo inapunguzwa. Sheria hiyo ilikuwa ya Wabelgiji, imeandikwa kwa Kifaransa na kubandikwa mlangoni mwa ofisi yetu. Mimi niliisoma yote bila kukwama. Yeye hakuweza kusoma hata neno la kwanza. Lakini aliyesimama nje kuilinda alikuwa yeye, na mimi nilikaa ndani kwenye joto nikigonga mihuri.

Alikuwa mtu mfupi, mguu wa kulia umepinda kidogo, na shati la kaki lililofuliwa mpaka likawa jeupe mabegani. Boti ikimaliza kupakia, alichuchumaa ukingoni mwa gati, akachovya vidole viwili majini, akavigusisha kwenye ubavu wa boti na kutazama kwa muda mrefu kana kwamba anasikiliza kitu. Kisha alifanya moja kati ya mambo mawili. Ama alipiga ubavu kwa kiganja mara mbili, pa, pa, na boti ikaondoka, ama alisema neno moja tu: "Teremusha."

Wafanyabiashara walibishana naye. Niliwaona watu wazito kutoka Usumbura, mji mkubwa wa upande wa pili wa ziwa, wenye miwani na saa za mkononi, wakimpigia kelele hadi mate yakawaruka. Alikwenda mahali kamba ya boti ilipofungwa, akaketi juu ya fundo, akatoa karanga mfukoni na kuanza kumenya. Hakuna boti inayoondoka ikiwa mzee ameketi juu ya fundo lake. Karanga zilipokaribia kwisha, magunia yalikuwa yameanza kushuka.

Abiria aliwahesabu kwa kuwagusa mabega, mmoja mmoja, na midomo yake ikisogea. Watoto aliwahesabu wote, hata wa mgongoni, na hapo ndipo ugomvi na akina mama ulipoanzia.

"Muzee, huyu mutoto iko mugongoni! Hata nafasi hana," alilalamika mama mmoja siku niliyokuwa nimetoka kupunga upepo.

"Anapumua?"

"Anapumua, ndiyo."

"Basi iko muntu mumoja."

Niliona hiyo ni nafasi yangu. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba sheria ya mlangoni inasema watoto wa kubebwa hawahesabiwi. Aligeuka akanitazama bila hasira.

"Karani, boti ikipinduka, huyu atabakia na nani?"

Watu wakacheka. Hawakumcheka yeye. Nikarudi ndani.

Mtu angedhani mwenye macho makali hivyo gatini anaishi kwenye nyumba iliyonyooka kama kanisa. Sivyo. Nilifika kwake Songo mara kadhaa. Mlango ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja, na mawe ya ngazi yalicheza hivi kwamba kila mgeni alijikwaa. Mvua ikinyesha walihama kutoka kona hii kwenda ile wakibeba mikeka. Mkewe, mwanamke wa kicheko kikubwa, aliniambia mbele yake: "Huko Kalundu anaona kidole kimoja cha maji. Hapa paa lote haoni." Naye alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kula.

Jambo jingine, aliogopa maji. Hakujua kuogelea. Miaka yote ile hakupanda boti hata moja zaidi ya kuingia kuhesabu zilipokuwa zimefungwa, na hata hapo mkono mmoja haukuachia kamba. Manahodha walimtania kwa hilo. Mimi nililishika kama ushahidi. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Mtu anayeogopa ziwa ndiye wanamwachia ziwa." Mke wangu akasema, "Ndiyo maana." Tuligombana kwa ajili ya maneno hayo mawili siku nzima.

Alipenda sifa pia, ingawa alijifanya hazisikii. Akipita mbele ya wauza ndagala nao wakamwita "Baba yetu! Baba wa uzima!", hakugeuza shingo, lakini mguu wake mbovu ulipunguza mwendo. Nililiona hilo kwa sababu nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama kazi yangu.

Lazima nieleze mimi nilikuwa nani, vinginevyo wivu wangu utaonekana wa kijinga kuliko ulivyokuwa. Nilikuwa mmoja wa wale walioitwa evolue, Waafrika waliosoma kwa mapadri, wakavaa tai na kusema Kifaransa. Nilikuwa na baiskeli yenye taa. Barua zangu kwa Komisera wa bandari, Mbelgiji aliyetusimamia, hazikuwa na kosa. Naye aliniita "petit", yaani kadogo, na nilikuwa na watoto wawili tayari. Lakini asubuhi alipofungua dirisha lake hakuniuliza mimi lolote. Alichungulia gatini na kupaza sauti kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Muzee, leo namna gani?" Mzee alinyanyua kidole kuelekea kusini kunakotoka upepo, akakitikisa, na Komisera akasema, "Bon, tungoje." Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sentensi nzima kichwani kuhusu hali ya hewa. Nilibaki nayo.

Lakini kilichonichoma zaidi kilitoka kwa mama yangu. Aliishi Luvungi, kule kwenye bonde la Ruzizi, na kiangazi kimoja aliteremka kwa lori ili apande boti kwenda Baraka kwa mjomba. Nilimpa kiti changu ofisini. Nilimwonyesha mihuri. Niligonga ruhusa ya boti yake mbele ya macho yake, nikambebea mzigo mpaka gatini.

"Ingia, mama. Kila kitu kiko tayari."

Hakusogea. "Yule muzee ameshaangalia?"

"Mama, karatasi imetoka kwangu."

"Nimesikia, baba. Weye uko karani mukubwa. Lakini yeye ameshaangalia?"

Mzee alikuwa mwisho wa gati na boti nyingine. Mama yangu alisimama juani na kitambaa kichwani mpaka Mzee alipofika, akachuchumaa, akachovya vidole, akapiga ubavu mara mbili. Ndipo mama akapanda. Kabla ya kupanda alimsalimia kwa mikono miwili na kupiga goti, kama anavyomsalimia padri. Mzigo wake ulikuwa bado mkononi mwangu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Mzee aliugua malaria. Komisera akaniita.

"Petit, siku tatu hizi utaangalia boti."

Siku ya kwanza hakukuja boti yenye mzigo mkubwa. Siku ya pili ilifika moja iendayo Usumbura, imepakia mapipa ya mawese na abiria thelathini na sita. Nahodha wake alikuwa na kofia nzuri na maneno mazuri zaidi.

"Leo tuko na bahati," aliwaambia abiria huku akinitazama. "Tumepata muntu wa masomo. Yule muzee angetuchelewesha hapa mpaka saa kumi."

Nilichuchumaa kama alivyochuchumaa yeye. Nikachovya vidole. Mstari ulikuwa chini ya maji, na maji yalikuwa yameupita kwa vidole vinne. Niliona. Sitasema sikuona. Lakini niliona pia nyuso za watu zikiningoja, na nikajua kwamba nikisema "Teremusha" nitakuwa nimetumia neno lake, kwa sauti yake, na jioni watasema karani amejifunza kwa Mzee. Nikapiga ubavu kwa kiganja. Pa, pa.

Walishangilia. Mwanamke mmoja aliniita baba. Nilirudi ofisini na vigelegele masikioni, na sijawahi kukaa kwenye kile kiti kwa raha kama saa ile.

Yaliyofuata niliyasikia kwa wavuvi wawili. Songo iko juu kidogo, na kutoka uani kwake ziwa linaonekana. Mzee alikuwa amelala mkekani nje, amejifunika blanketi, boti ilipopita ikielekea kaskazini, imekaa chini majini, pua yake ikienda kwa uzito. Alimwuliza mkewe, "Nani anaangalia boti leo?" Mkewe akajibu, "Karani." Akaamka na blanketi lake, akateremka mpaka ufukweni, akawashika wavuvi hao mikono na kuwasihi wampeleke kwa mtumbwi.

Waliniambia kwamba aliketi chini kabisa ya mtumbwi, ameshika kingo zote mbili, amefumba macho, akipiga kelele: "Vuteni! Vuteni, batoto ya mama!" Wakaikatiza boti mbele. Hapo akafumbua macho, akasimama, yeye asiyejua kuogelea, akapunga blanketi mpaka nahodha akazima injini kwa kuogopa kumgonga. Aliwaamuru waende ufukweni Kavimvira. Wakateremsha mapipa yote kumi na mawili kwenye mchanga.

Pipa la mwisho lilipotua, upepo wa kusini ulikuwa umeshapanda. Mawimbi yalifika hadi kwenye mapipa. Boti, ikiwa imefungwa na haina mzigo, ilirushwarushwa hivi kwamba abiria waliokuwa wamesimama nchi kavu walishikana na kulia walipoitazama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ingekuwaje huko katikati.

Saa tisa alasiri Mzee aliletwa Kalundu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mtu, anatetemeka, midomo imekauka. Komisera alitoka nje.

"Muzee, nini?"

"Injini iliwasumbua, Bwana. Wako Kavimvira. Wataenda kesho."

Alisema uongo huo bila kupepesa. Komisera akarudi ndani. Mzee akaingia ofisini kwangu, akatoa chini ya blanketi ile ruhusa niliyoigonga, aliyoichukua kwa nahodha, imelowa, muhuri wangu bado unasomeka, akaiweka mezani. Kisha akainua mkono wa kulia mbele ya uso wangu, akanionyesha vidole vinne. Akavikunja. Akaondoka. Hakuligusia jambo lile tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi sikuweza. Kama angenishtaki ningefukuzwa, na ningemchukia kwa amani. Sasa kila nilipomwona akichuchumaa nilijua kwamba watu thelathini na sita wanatembea Usumbura kwa sababu yake, na mimi ninavaa tai kwa sababu yake, na hakuna wa kumwambia.

Basi nikafanya nililofanya, na lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyeliona. Zilikuwa zimeletwa fomu mpya za ukaguzi zenye safu kumi na mbili: taa, maboya, kamba, pampu, idadi ya watu na kadhalika. Mzee hakuweza kuzijaza, ndiyo maana nilimjazia. Yeye alitaja na mimi nikaandika. Boti zote alikuwa nazo kichwani. Siku moja nikamwambia, "Muzee, nina kazi nyingi." Hilo tu. Akatikisa kichwa kwa adabu, akazichukua.

Alimtafuta katekista wa kumsaidia, mtu mwema asiyejua boti wala Kifaransa kingi. Safu zikachanganyika. Fomu moja ilisema kwamba boti fulani ina taa arobaini na watu wawili. Komisera alicheka, akawaonyesha Wazungu wenzake, nao wakacheka, nami nikiwa nimesimama pembeni nikacheka. Baada ya miezi michache Mzee aliambiwa apumzike, na kazi yake nikapewa mimi.

Siku ya kukabidhi alinitembeza gatini asubuhi nzima akinieleza ugonjwa wa kila chombo. Hii inavuja nyuma kushoto. Ile nahodha wake haoni vizuri jua likimpiga usoni. Hii mstari wake ulipakwa juu kuliko inavyotakiwa, usiuamini. Sikuandika hata neno, ili ajue kwamba ninajua. Nyingi ya kasoro hizo nilikuja kuzigundua mwenyewe baadaye, na mbili zilinitia hofu ya kweli. Alipomaliza alinipa mkono, akaondoka kwenda kulima mpunga Bwegera, huku nyumba yake ya Songo akibaki nayo.

Nilikuwa mkaguzi mzuri, Mungu ananiona. Baada ya Kavimvira hakuna boti niliyoipitisha ikiwa imezidi hata kidole. Lakini kwa mwaka mzima wanawake wa ndagala walisimama gatini, wakanitazama nikipiga ubavu mara mbili, wakaulizana, "Muzee wetu iko wapi?"

Nilikutana naye tena mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Lori la Baraka lilikuwa limekufa njiani siku nne, kwa hiyo kila mtu alitaka boti. Nilikuwa nimemaliza kuhesabu abiria arobaini, idadi kamili ya kibali, nilipomwona akija mbio kwa ule mguu wake, na furushi kwapani. Alikuwa amekonda.

"Karani, dada yangu iko mubaya sana huko Baraka. Wamenitumia neno."

"Pole, Muzee. Boti imejaa."

"Minye niko muntu mumoja."

Maneno hayo nilikuwa nimesikia watu wakimwambia yeye mara zisizohesabika. Kuyasikia yakitoka kinywani mwake, kitu kilipanda kifuani mwangu, na ilikuwa furaha. Tayari alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya boti.

"Wako arobaini," nilisema. "Teremuka."

Aliwatazama abiria, akanitazama mimi, akawatazama tena abiria. Akangoja. Nikainua kiganja, tayari kupiga ubavu. Hapo akanitukana mbele ya gati zima: "Weye hauna roho ya muntu! Hauna!" Akateremka. Nikapiga ubavu mara mbili.

Ziwa lilikuwa limetulia siku ile kama mkeka. Boti ilifika Baraka bila kuingiza hata kijiko cha maji. Yeye alingoja siku mbili, akapanda iliyofuata, na alipofika dada yake alikuwa ameshazikwa.

Baada ya wiki alirudi. Niliona kichwa kilichonyolewa kwa msiba kabla sijamtambua. Alishuka polepole, akaja moja kwa moja kwenye benchi lililo nje ya ofisi yangu, akaketi. Nikatoka. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole, na pole ilikuwa tayari mdomoni, lakini yaliyotoka yakawa mengine.

"Muzee, siku ile nilifurahi."

"Niliona," alisema. "Meno yalionekana."

"Walikuwemo wafanyabiashara wawili wa chumvi. Walikuwa wanakwenda sokoni tu. Ningeweza kuwaomba mmoja wao angoje."

"Minye pia nilikuwa nawaona."

"Sikuwauliza."

"Nilikuwa nangojea uulize," alisema.

Boti ya Usumbura ilikuwa inajaa, na nahodha alikuwa ananiita. Nikaenda. Nikaanza kugusa mabega: mmoja, wawili, watatu. Nilipofika ishirini na tatu nikapotea, nikaanza upya. Nikapotea tena. Abiria walianza kunung'unika. Nikageuka nikatazama benchi. Alikuwa bado ameketi pale, mikono juu ya magoti, midomo yake ndiyo kwanza inaacha kusogea, kwa maana alikuwa ameshawahesabu wote. Hakuniambia ni wangapi.